Jina Lililorukwa

Tangu nistaafu nimebaki huku huku Mbulu, kijijini Nambis, kwenye nyumba niliyojenga pembeni ya shamba la ngano la jirani. Asubuhi ukungu unashuka mpaka unagusa mabati, na kwa muda fulani sijui kama nimeshaamka au bado nimelala. Ndipo kazi inaponirudia. Sioni ofisi wala viti. Naona majibu ya wagonjwa yakitembea ndani ya ukungu, kutoka jengo moja kwenda jingine, na mimi nimesimama njiani nikiangalia kama yote yanafika. Halafu jogoo wa jirani anawika, nakumbuka kwamba sina tena pa kuwahi.

Vijana wa kitengo, siku ile ya kuniaga mliniomba niseme machache kuhusu kazi, nikasema nitaandika, maana kuongea mbele ya keki kunanikausha mdomo. Haya ndiyo hayo machache. Vyeo na mishahara nimeviacha, mnavijua, na havikuwa vikubwa kiasi cha kuvisimulia.

Kazi yetu ni ngumu kuieleza nyumbani. Mama yangu kule Tabora alifariki akiamini kwamba natengeneza redio. Nilijaribu mara nyingi kumwambia kwamba hospitalini kuna mfumo wa kuandikisha wagonjwa, mwingine wa maabara, mwingine wa stoo ya dawa, mwingine wa benki ya damu, na kwamba kila mmoja uliletwa na watu wake, kwa wakati wake, na hakuna aliyefikiria siku moja itabidi iongee pamoja. Kazi yangu ni kupima kama inaongea. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama na redio yake ningeweza kuitazama.

Nilifika Mbulu kwa mara ya kwanza nikiwa nimevaa kandambili. Basi lilipanda mlima likaingia kwenye wingu, na nilipotoka upande wa pili nilikuwa natetemeka kama mwenye homa. Mkuu wangu wa kazi alikuwa Mzee Bura, mwenyeji wa Dongobesh, mwalimu wa hisabati wa zamani aliyehamia kwenye kompyuta wakati wenzake wanahamia kwenye siasa. Mrefu, mkimya, kofia ya sufu kichwani mwaka mzima. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akatazama miguu yangu, akanipeleka dukani kununua soksi kabla hajanionyesha meza yangu.

Siku iliyofuata nilitegemea kufunguliwa kompyuta. Akaniambia leo hutaigusa. Tulikwenda zahanati, tukamwona nesi akichukua damu ya mama mmoja mjamzito, tukaifuata. Tulikaa nayo kwenye bodaboda, tukaingia nayo maabara, tukasubiri wakati mashine inaisoma, tukaona jibu likiandikwa, kisha tukarudi zahanati kusubiri jibu hilo litokee kwenye skrini ya nesi. Siku yote iliishia hapo. Jibu lilipotokea, Mzee Bura alilitazama kama mtu anayemtazama mwanawe akitoka shule, halafu akaniambia maneno ambayo nimeyarudia kwenu mpaka mmechoka: ukitaka kujua kama mifumo inafanya kazi, usikae kwa anayetuma, kaa kwa anayesubiri.

Kitengo chetu kilihudumia vituo vya afya vya wilaya mbili, Mbulu na Hanang. Katikati ya mifumo yote tuliweka programu moja tuliyoiita daraja. Kila ujumbe ulipita humo: ombi la kipimo, jibu la maabara, ombi la dawa, ombi la damu. Daraja lilisoma ujumbe, likatafsiri kutoka lugha ya mfumo mmoja kwenda lugha ya mwingine, likausukuma mbele. Kila robo mwaka tulipima: kilichotoka huku kimefika kule? Kimefika kizima? Kimefika kwa mtu wake? Vifaa vyangu vilikuwa kompyuta yenye betri bovu, waya mrefu, viatu vya mpira na chupa ya chai. Vijana mna vifaa vizuri zaidi, ingawa chupa ya chai sijaona mliyoiboresha.

Kupima kunahitaji wagonjwa wa kubuni. Huwezi kumtuma mgonjwa halisi apite mlango kwa mlango ili uone kama jina lake litaharibika njiani. Basi tuliwatengeneza wa kwetu, tukawaita Jaribu Moja, Jaribu Mbili na kuendelea, tukawapa umri na magonjwa. Wengine walikuwa na magonjwa ambayo hayawezi kukaa katika mwili mmoja. Siku moja mmoja wao aliponyoka. Nesi wa kituo kimoja alizunguka wodini mchana kutwa akimtafuta Jaribu Nne, mwenye kifafa na mimba ya mapacha, akiamini ametoroka kitandani. Mpaka mlinzi wa geti alihojiwa.

Baada ya hapo Mzee Bura aliweka kanuni ndani ya daraja. Ujumbe wowote wenye neno jaribu ndani ya jina, hata likiwa limeungana na herufi nyingine, daraja liumeze kimya kimya, lisiupeleke popote, liandike tu kwamba umeshughulikiwa. Ilikuwa kanuni nzuri. Wagonjwa wetu wa kubuni hawakutoroka tena, takwimu zikawa safi, na wakubwa walitusifu. Miaka ikapita, na sote tukasahau kwamba kanuni hiyo ipo, jinsi mtu anavyosahau msumari uliopigwa chini ya meza.

Sasa niwaambie kuhusu Dirma, kule Hanang.

Kwenye zahanati moja ya upande huo alikuwepo nesi anayeitwa Rehema, mtu wa Lindi, aliyepangiwa kazi huku akiwa bado msichana na akazoea baridi kuliko mimi. Alinipigia simu akalalamika kwamba kuna mjamzito mmoja ambaye majibu yake ya damu hayarudi. Ya wengine yote yanarudi. Alishampima, akasubiri, akampima tena, akasubiri. Maabara wanasema wametuma. Yeye anasema hakuna. Wameanza kujibizana vibaya kwenye simu, na yule mama kila akija anazidi kuchoka.

Nilifuatilia nikiwa ofisini. Mnajua kwamba sisi wapimaji haturuhusiwi kuona majina ya wagonjwa, tunafuata namba ya kadi tu, na ni sawa iwe hivyo. Namba yake niliiona ikitoka maabara. Niliiona ikiingia darajani. Mbele yake imeandikwa imeshughulikiwa. Hakuna kosa, hakuna alama nyekundu. Kule zahanati, hakuna kitu. Nilikaa nikitazama lile neno mpaka likaanza kuelea machoni. Kisha nikavaa viatu vya mpira, nikamwomba dereva wetu anipeleke Dirma, nikakae kwa anayesubiri.

Tulifika asubuhi ya siku ya kliniki. Mlima Hanang ulikuwa umefunikwa wote, isipokuwa kipande kidogo cha ubavu kilichoonekana juu ya wingu, kama si sehemu ya dunia hii. Rehema alinikaribisha, akanipa meza ya pembeni karibu na soketi, nami nikafungua kompyuta nikawa natazama ujumbe ukiingia mmoja mmoja. Yote yalikwenda vizuri. Joto la chumba, sauti za watoto, harufu ya kuni kwenye kanga za akina mama, nikawa karibu kusinzia.

Rehema akatoka barazani akaita mtu anayefuata.

"Jaribu! Jaribu Athumani!"

Niliinua kichwa nikidhani ananiita mimi nijaribu kitu kwenye kompyuta. Nje aliinuka mwanamke mmoja, tumbo kubwa, akiushika ukuta kwa kiganja. Alitembea polepole kama mtu anayetembea ndani ya maji. Midomo yake ilikuwa imepauka, rangi ya majivu.

"Shikamoo mama," aliniambia.

"Marahaba, mwanangu. Unaitwa nani?"

"Jaribu."

"Ni jina la nyumbani au ndilo la kwenye kadi?"

"Ndilo hilo hilo. Sina jingine."

Rehema aliona uso wangu ukibadilika, akauliza kuna nini. Niliona kwa mara moja njia nzima: mashine ikiisoma damu yake, fundi wa maabara akituma, daraja likilisoma jina, na daraja likifanya kile tulicholiagiza. Kila mfumo ulikuwa mzima. Mtu aliyekuwa akipita katikati yake ndiye aliyedhaniwa kuwa hayupo.

Nyuma ya zahanati kuna mwinuko wenye jiwe, na juu ya jiwe hilo simu inapata mtandao. Nilipanda nikapiga maabara, nikampa fundi namba ya kadi, nikamwomba anisomee jibu kwa mdomo. Akanisomea. Damu ilikuwa chini mno, kiasi kwamba alishangaa kusikia yule mama bado anatembea. Akasema alituma mara zote mbili kwa alama ya haraka, akadhani mgonjwa ameshapelekwa hospitali zamani.

Tulimpakia kwenye gari letu. Mume wake alikuwa amehama na ng'ombe kutafuta malisho, jirani akaahidi kumpelekea habari. Rehema aliniwekea blanketi na chupa ya maji, akanishika mkono kwenye mlango wa gari, kisha akarudi kwa wagonjwa wake.

Safari ile naikumbuka kama kitu nilichokiota. Barabara ilikuwa inapotea mbele yetu na kurudi. Ng'ombe walitokea ndani ya ukungu, wakatutazama, wakayeyuka. Jaribu aliegemea bega langu, akawa anasinzia na kuamka, na kila akiamka nilimuuliza kitu chochote ili asilale moja kwa moja. Nikamuuliza nani alimpa jina.

Alisema ni mama yake. Wazazi wake walihamia kutoka upande wa Singida, na kabla yake mama alizaa watoto ambao hawakukaa, mmoja baada ya mwingine. Yeye alipozaliwa mama hakutaka kumpa jina la mtu yeyote wa ukoo, aliogopa kulipoteza na lenyewe. Akasema huyu ni wa kujaribu tu.

"Nikakaa," Jaribu alisema, macho yamefumbwa. Akatabasamu kidogo. Kisha akalala tena, nikamtikisa.

Hospitali tuliyompeleka sitaitaja, na wala hawakuwa na kosa. Daktari alimtazama macho na kucha, akaandika ombi la damu kwenye kompyuta, akalituma. Nikamwambia halitafika. Akanitazama kama mtu anayetukanwa kazini kwake. Nikamweleza kwa ufupi, nikamwomba aandike kwa kalamu, nami nitapeleka kwa miguu. Karani wa mapokezi, kijana mpole aliyekuwa anataka kusaidia, akatoa wazo: tumwandike Maria, ombi litapita sasa hivi, jina tutalirekebisha baadaye.

Nilijua kwamba lingepita. Nilijua pia kwamba chupa ya damu yake ingekuwa na jina moja na mfuko wa damu jina jingine, na watu wamekufa kwa jambo dogo kuliko hilo. Lakini aliyejibu kabla yangu ni Jaribu mwenyewe, kutoka kwenye kitanda cha magurudumu.

"Msiniandike Maria," alisema. "Nikifa leo mtamzika Maria. Mume wangu akija kumuulizia Jaribu, mtamwambia alikwenda wapi?"

Karani akaondoa mikono kwenye kibodi. Daktari akaandika kwa kalamu.

Mchana ule mimi ndiye niliyekuwa daraja. Nilibeba karatasi kutoka wodini hadi maabara, chupa ya damu kutoka maabara hadi benki ya damu, jibu kutoka benki ya damu hadi wodini, viatu vyangu vikiacha tope kwenye korido iliyotoka kupigwa deki. Mama wa usafi alinifuata na dekio bila kunigombeza, nadhani aliona uso wangu. Kila dirisha nililofika nilisema jina kwa sauti, Jaribu Athumani, na kusubiri mpaka mtu wa ndani alirudie. Jua lilipoanza kuegemea, damu ilikuwa inadondoka tone kwa tone kwenye mrija, nami nimekaa kwenye benchi nikiyatazama matone hayo kama mtoto anayetazama mvua.

Ndipo nikampigia Mzee Bura.

"Mzee, ile kanuni ya Jaribu," nilimwambia.

"Imefanyaje?"

"Kuna mtu anaitwa hivyo."

Nilisikia kiti chake kikisogezwa nyuma.

"Yuko hai?"

"Yuko hai. Anaongezewa damu."

"Nakuja," akasema.

Alipitia ofisini kwanza, akaiondoa kanuni kwa mkono wake. Hakumwagiza mtu. Asubuhi alikuwa hospitalini, kofia mkononi, na nilimwona kwa mara ya kwanza bila kofia: kichwa cheupe kabisa, kama cha mtu nisiyemjua. Jaribu alikuwa amekaa akinywa uji. Rangi ilianza kumrudia. Akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu," Mzee Bura aliitikia, akabaki amesimama. "Mimi ndiye niliyeandika kwamba jina lako lirukwe."

Jaribu alimtazama bila hasira. Akauliza, "Ulikuwa unanijua?"

"Hapana."

"Basi uliandika juu ya mtu mwingine."

"Hakukuwa na mtu mwingine," Mzee Bura alisema. "Nilifikiri hakuna mtu kabisa."

Jaribu aliweka kikombe chini, akamsogezea kiti. Walikaa hapo. Baadaye nilimsikia Jaribu akimuuliza habari za mvua za Dongobesh.

Alijifungua salama wiki chache baadaye, mtoto wa kike, akampa jina la mama mkwe wake. Mlitegemea labda jina langu. Hata mimi nilitegemea kidogo.

Mkuu wetu wa wakati ule alitaka tuandike taarifa na jambo liishe. Mgonjwa amepona, kanuni imeondolewa. Mzee Bura alisema bado. Ujumbe uliomezwa haukufutwa, ulikuwa umelala kwenye kona ya seva, na alitaka usomwe wote. Tuliomba ruhusa ya kuona majina, tukakaa siku nzima tukipitia. Karibu wote walikuwa wagonjwa wetu wa kubuni, wale akina Jaribu Nne na mapacha wao, nao walinitazama kutoka kwenye skrini kama jamaa wa zamani. Katikati yao tukakuta watu. Mtoto aliyeitwa Jaribuni, ambaye malaria yake ilitibiwa bila kusubiri jibu. Mwalimu mmoja ambaye Jaribu ni jina la babu yake, na kipimo chake kilikuwa kizuri tangu mwanzo. Na mzee mmoja wa vilimani, mbele ya Dongobesh, aliyeitwa Majaribu. Alikuwa amepimwa makohozi. Jibu lilisema ana kifua kikuu.

Jibu hilo lilikuwa la msimu wa baridi uliopita.

Mkuu alisema hilo ni la kituo, wao watafuatilia. Mzee Bura, ambaye sikuwahi kumsikia akimpinga mkubwa wake, alijibu kwamba katika nyumba ile kuna watu wanaovuta hewa moja, na kwamba anakwenda leo, ruhusa ikija itamkuta njiani. Nikachukua chupa yangu ya chai nikamfuata kwenye gari.

Nyumba ilikuwa mteremkoni, ya matofali ya kuchoma, mikaratusi nyuma yake. Pembeni ya nyumba kulikuwa na kaburi jipya lenye msalaba na udongo ambao ulikuwa bado haujaota nyasi vizuri. Tuliliona kabla hatujashuka kwenye gari. Mzee Bura alizima injini mwenyewe, maana dereva alikuwa amesahau.

Mjane alikuwa mama mrefu mwenye sauti ya chini. Alitupa viti nje, kwenye jua dogo lililokuwepo. Mzee Bura aliongea naye kwa Kiiraqw. Mpaka leo naijua lugha hiyo nusu nusu, na siku ile ilinijia kama maneno yanayosikika kutoka chumba cha pili. Nilisikia majibu. Nilisikia kompyuta. Nilisikia jina Majaribu mara nyingi, na sauti ya Mzee Bura ikizidi kushuka. Wajukuu wawili walikuwa wanacheza karibu na zizi, na mmoja wao alikuwa anakohoa.

Mama yule hakulia mbele yetu. Alipomaliza kusikiliza alinigeukia mimi, akasema kwa Kiswahili, taratibu, ili nisikose neno.

"Kwa hiyo majibu yalikuwepo."

"Yalikuwepo, mama."

"Mimi nilimwambia hawakuona kitu, ndiyo maana hawapigi. Yeye akakataa. Alisema watu hawawezi kuchukua makohozi ya mtu mzima halafu wakanyamaza." Alitazama upande wa kaburi. "Simu aliitundika pale kwenye msumari, ndipo mtandao unaposhika. Kila siku anakaa chini yake."

Mzee Bura aliinamisha kichwa. Mama akaendelea kuniuliza majibu yenyewe yako wapi. Nikasema yako kwenye kompyuta ya ofisi.

"Yaleteni," alisema. "Aliyasubiri."

Siku hiyo hiyo tuliwapakia yeye na wajukuu tukawapeleka kupimwa. Yeye na yule mjukuu anayekohoa walikutwa na ugonjwa. Walianza dawa mara moja, wakazimaliza zote, wakapona. Majibu yao Mzee Bura aliyafuata mwenyewe kila hatua. Alikuwa anapiga simu zahanati kuuliza kama yamefika, halafu anapiga tena kuuliza kama yamesomwa.

Kuhusu karatasi, ilikuwa kazi. Hakuna utaratibu wa kuchapa majibu ya mtu aliyefariki, isipokuwa mahakama iyadai. Ofisi moja ilinipeleka kwa nyingine, na hiyo nyingine ikanirudisha kwa ya kwanza, nikagundua kwamba na ofisi nazo zilihitaji kupimwa kama zinaongea. Wakati huo nilikuwa nimepewa kitengo nikiongoze. Tulibadilisha mambo kadhaa mnayoyafuata mpaka leo bila kujua yalikotoka: wagonjwa wa kubuni wanatambulika kwa alama maalumu na si kwa jina, hakuna ujumbe unaomezwa bila mtu kuarifiwa, na kila mpimaji anamaliza kazi akiwa amekaa kwa anayesubiri, hata kama ni mbali na barabara ni mbaya. Mzee Bura alistaafu mwaka ule. Kwenye sherehe yake alisimama, akasema asante, akakaa.

Ruhusa ilipotoka nilichapa karatasi moja, nikaitia kwenye bahasha, nikapita Dongobesh kumchukua. Hakuwa mfanyakazi tena, angeweza kukataa. Nilimkuta amekaa mlangoni na kofia yake, koti la kanisani mwilini, kana kwamba aliambiwa siku.

Kulikuwa na ukungu mzito. Tuliacha gari chini tukapanda kwa miguu, na nyumba ikatutokea ghafla, ikiwa karibu kuliko tulivyofikiri. Mjane alitoka, amenenepa kidogo, uso umetulia. Tukamwamkia, nikampa bahasha kwa mikono miwili. Hakuifungua. Alitutangulia mpaka kaburini, ambapo sasa nyasi zilikuwa zimeota, akairudisha bahasha kwa Mzee Bura.

"Msomee," alisema.

Mzee Bura alivua kofia. Alitoa karatasi, akaisogeza mbali na macho, akaanza na jina, lote, jina la mtu na la baba yake na la babu yake. Akasoma tarehe iliyochukuliwa sampuli na jina la kipimo. Kila mstari aliusoma kwanza kwa Kiswahili kama ulivyoandikwa, kisha kwa Kiiraqw, na sauti yake ilikuwa ile ya mwalimu anayehakikisha kwamba aliye nyuma kabisa ya darasa anasikia. Alipofika kwenye jibu lenyewe alilisoma polepole zaidi. Akasoma na maelekezo ya chini, kwamba mgonjwa aanze dawa bila kuchelewa. Hakuacha hata neno.

Ng'ombe walikuwa wanasikika zizini lakini hawaonekani. Mama yule alichukua karatasi, akaikunja ndogo, akaiweka kwenye pindo la kitenge chake.

"Haya," alisema. "Amejibiwa."

Kisha akatuambia tuingie ndani, chai imeshachemka.